Mvua Zikiondoka Nyanda za Kati: Dodoma, Kondoa, Bahi na Singida, Mei 2025

Safari hii niliifanya mwezi Mei 2025 kwa nia moja, nayo ni kuona namna masika yanavyoondoka katika nyanda za kati kabla kiangazi hakijatawala kila kitu. Wageni wengi wa Dodoma huufahamu mkoa huu ama Januari, wakati umesitawi, ama Agosti, wakati umekauka, na walio wengi zaidi huja kwa shughuli za ofisi na kuondoka bila kutazama nje ya dirisha. Majuma machache yaliyo katikati hayasemwi sana, ingawa kwa maoni yangu ndiyo mazuri kuliko yote. Nimeyaandika haya baada ya kurudi Dar es Salaam, nikitumia daftari la mfukoni na picha za simu, ambazo zimenisaidia hasa kukumbuka saa na mahali. Bei zote ni kwa shilingi, na ni zile nilizolipa mimi wakati huo.

Jumatano, 7 Mei: Dar es Salaam hadi Dodoma

Niliondoka mvua ikinyesha. Pwani mwezi Mei bado ni masika, na asubuhi ile barabara iendayo stesheni ilikuwa na madimbwi yaliyomlazimu dereva wa bajaji kuzungukia uchochoroni, akadai 7,000 badala ya 5,000 tulizokubaliana, nami nikamlipa bila kubishana kwa kuwa alinifikisha nikiwa mkavu. Treni ya mwendokasi, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, nauli yake ya daraja la kawaida ni 31,000. Anayetaka kuifuata njia yangu akate tiketi siku kadhaa kabla, abebe kitambulisho, na afike stesheni mapema, kwa sababu mizigo hukaguliwa na foleni ya asubuhi ni ndefu. Kama anaweza kuchagua, aombe kiti cha dirishani.

Jirani yangu alikuwa mama wa makamo aliyekuwa akienda kumtazama mjukuu wake. Aliponiona na daftari aliuliza ninaandika nini, na nilipomweleza alicheka kidogo, kisha akasema, “Basi mwanangu usilale. Tukishavuka Kilosa ndipo utakapoiona habari yako.”

Alisema kweli. Hadi Morogoro kijani kilikuwa kilekile cha pwani, na Milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika wingu mpaka kiunoni. Baada ya Kilosa treni hupita kwenye mahandaki na kulifuata bonde la Mto Mkondoa, ambako reli ya zamani, iliyojengwa na Wajerumani, imesombwa na mafuriko mara nyingi. Mto ulikuwa bado na maji ya rangi ya udongo, lakini kwenye kingo zake ilionekana wazi mistari ambako maji yalifika na kurudi nyuma. Kisha, kati ya Kidete na Gulwe, nyasi zikaanza kuwa na vichwa vya rangi ya dhahabu huku mashina yakiwa bado mabichi, mibuyu ya kwanza ikajitokeza, na wingu zito lililotufuata tangu pwani likakatika vipande vidogo vyeupe vilivyokaa juu sana. Kwa muda usiofika saa moja tulikuwa tumetoka kwenye msimu mmoja na kuingia kwenye mwingine, bila abiria wengi kuinua macho kutoka kwenye simu zao.

Sababu yake ni jua. Mkanda wa mvua hulifuata jua, nalo likiwa upande wa kusini wa ikweta mkanda huo hushuka hadi nyanda za kati, ambazo hupata msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili; kwa Dodoma mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 500 hadi 600. Jua likivuka ikweta mwezi Machi kuelekea kaskazini, mkanda nao hupanda na kuleta masika ya pwani na ya kaskazini, na nyuma yake huingia upepo wa kusi, mkavu na wa baridi, ambao ndio uliotupokea tuliposhuka Dodoma. Yule mama alijifunga khanga ya pili mabegani kabla hata hatujatoka ndani ya stesheni.

Alhamisi, 8 Mei: Dodoma mjini

Chumba cha kawaida karibu na katikati ya mji kilinigharimu 35,000 pamoja na chai. Mji huu uko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na ingawa mchana jua lilikuwa kali, saa kumi na mbili asubuhi wahudumu wa nyumba ya wageni walikuwa wamevaa makoti.

Nilikwenda soko la Sabasaba kwa miguu. Muuza mitumba mmoja alikuwa akipanga upya meza yake, masweta na majaketi yakija mbele na mashati mepesi yakirudi kwenye bandali. Aliniambia kuwa hangojei baridi ifike, kwani wateja hununua sweta asubuhi moja tu ya upepo, na atakayekuwa nayo mezani asubuhi hiyo ndiye atakayeuza. Juni hadi Agosti ndicho kipupwe chenyewe, ambapo usiku wa Dodoma huweza kushuka hadi karibu nyuzi 13, na kwa mtu aliyezoea Dar es Salaam hiyo ni baridi ya kulala na mablanketi mawili. Upande wa vyakula kulikuwa na karanga mpya zenye udongo, maboga, na mlenda wa aina mbili, mbichi na uliokaushwa. Ule mkavu ndio ulionivutia, kwa sababu akina mama wa Kigogo huuchuma kwa wingi mvua zinapokaribia kwisha, wakauanika na kuuweka kwa ajili ya miezi ambayo hakuna jani la mboga litakaloota. Bakuli la mkavu lilikuwa 1,000, na la mbichi nusu ya hiyo.

Ijumaa, 9 Mei: Hombolo

Daladala ya Hombolo ilijaa baada ya saa moja na nusu, nauli 3,000. Njia hiyo huelekea kaskazini-mashariki mwa mji, ikipita mashamba ya mtama na uwele ambayo siku hiyo yalikuwa katika hali inayoonekana kwa muda mfupi tu: majani ya chini yamekauka na kukunjamana, ya juu bado ya kijani, na mashuke yamejaa hadi mabua yanapinda.

Nilishuka kabla ya bwawa, kwenye kijumba cha tembe ambako mzee mmoja alikuwa ameketi peke yake. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanifundisha kusema “mbukwenyi” kama wafanyavyo wenyeji, na hakuniruhusu kuendelea na mazungumzo mpaka nilipoitamka vizuri. Nilikuwa nimekuja kuulizia zabibu, lakini jambo la kwanza alilonionyesha lilikuwa benchi lake.

“Hili benchi, mjukuu wangu, Januari lilikuwa kule,” alisema, akionyesha upande wa kaskazini wa nyumba. “Sasa liko huku. Mwezi wa kumi na moja litarudi.”

Ilikuwa saa sita na nusu mchana, na kivuli chembamba cha ukuta kilikuwa kimeangukia upande wa kusini. Kwa kuwa Dodoma iko takribani nyuzi sita kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri hupita utosini mwanzoni mwa Machi, na baada ya hapo huinamia kaskazini hadi mwanzoni mwa Oktoba. Kwa hiyo anayetafuta kivuli cha mchana hana budi kuhamia upande wa pili wa ukuta. Urefu wa siku, unaowatangulizia watu wa Ulaya habari za baridi, hapa hausemi mengi, kwa kuwa tofauti kati ya siku ndefu na fupi ya mwaka haifiki saa nzima. Mwelekeo wa kivuli husema zaidi. Nilipima chumba changu cha Dar es Salaam niliporudi, na kweli, jua la mchana sasa linaingia kwa dirisha la kaskazini, jambo ambalo sikuwahi kulitilia maanani.

Shambani kwake palikuwa na dungu la miti, na juu yake wavulana wawili wenye makombeo na debe la kugonga. Mwezi wa Aprili na Mei ni wakati wa kwelea kwelea. Ndege huyu ni mdogo, mdomo mwekundu, na kwa siku hula kama gramu 10 za nafaka, kiasi ambacho hakitishi mpaka ukumbuke kwamba huja kwa makundi makubwa mno. Nyasi za porini zinapodondosha mbegu na mbegu hizo kwisha, hugeukia mtama na uwele, na ndiyo maana kuingia kwao mashambani ni dalili kwamba pori limekwisha kutoa lilichokuwa nacho. Nililiona kundi moja likinyanyuka kutoka kwenye migunga, likageuka pamoja angani, likatua shamba la jirani, ambako nako debe likaanza kugongwa. Mzee alisema kwamba korongo weupe waliotembea malishoni tangu Desemba walikuwa wameondoka kabla ya Pasaka, wamerudi Ulaya, nao ndio wanaotangulia kila mwaka.

Mizabibu ilikuwa kinyume cha kila kitu. Mavuno makuu ya Dodoma ni mawili kwa mwaka, moja katika miezi ya mwanzo na jingine kuanzia Agosti, kwa hiyo shamba alilonipeleka lilikuwa limepogolewa na macho mapya ya kijani yalikuwa yakichomoza kwenye matawi, wakati nyasi za kandokando yake zinakufa. Yeyote atakayekuja Mei akitarajia kununua zabibu shambani atarudi mikono mitupu. Aje Machi au Septemba.

Nilikaa hadi jua likazama. Mzee alitazama magharibi, juu kidogo ya upeo, akasema Kilimia, kile kishada cha nyota, hakionekani tena. Nilimsomea usemi ambao nyanya yangu wa Tanga aliupenda, “Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua,” akaupenda, ila akasema kwamba kwao Hombolo kimezama mvua ikiwa imekwisha kukatika, hivyo usemi huo ni wa watu wenye bahari. Kundi hilo la nyota hufichwa na mwanga wa jua mwezi Mei, kisha huonekana tena mashariki kabla ya alfajiri mwezi Juni. Kwa pwani linazama katikati ya masika na kuzuka kwenye kipupwe, sawasawa na usemi unavyotaka. Kwa nyanda za kati nadhani mzee alikuwa na haki ya kubisha. Alinitafutia pikipiki ya kunirudisha mjini, 15,000, na akamwonya kijana asikimbize.

Jumamosi, 10 Mei: Dodoma hadi Kondoa

Basi dogo la Kondoa lilitoza 9,000 na safari ilichukua kama saa tatu pamoja na vituo. Barabara hii ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa Aprili 2018, na wale waliopita huko zamani wataniambia jinsi wakati wa mvua magari yalivyolala njiani. Sasa ni lami hadi mwisho.

Baada ya Mayamaya na Haneti niliacha kuandika na kuanza kuhesabu mibuyu, au tuseme kuilinganisha. Karibu na milima ya Chenene, ambako ardhi ilikuwa na unyevu, ilikuwa na majani kamili. Kuelekea Chemba mingi ilikuwa imegeuka manjano, na miwili mitatu kwenye udongo wa mawe ilikuwa imebaki matawi matupu na matunda yake yananing'inia. Huo ndio ungekuwa msimu wa majani kuanguka wa nyanda hizi, lakini haufanani na ule wa nchi za baridi, ambako miti husikiliza siku zinapofupika na usiku unapopoa, ikabadilika pamoja msitu mzima. Mbuyu husikiliza maji. Udongo ukikauka, mti huanza kurudisha virutubisho vya majani ndani ya matawi na shina, rangi ya kijani huvunjika, na manjano iliyokuwamo tangu mwanzo ndiyo inayobaki kuonekana kabla jani halijadondoka. Kwa kuwa kila mti una udongo wake, mibuyu miwili iliyoachana hatua mia moja inaweza kutofautiana kwa majuma mawili au zaidi. Ndiyo sababu ninawashauri watakaokuja wasitegemee mti mmoja kuwaambia msimu.

Ng'ombe tuliowapita walikuwa wamenona kuliko watakavyonona tena mwaka huu. Kondoa tulifika saa nane. Nyumba ya wageni, 20,000, maji ya moto kwa ndoo.

Jumapili, 11 Mei: Kolo

Kolo iko kaskazini mwa mji wa Kondoa kwenye barabara ya Babati, nauli 2,500. Ni lazima kuanzia kwenye ofisi ya wahifadhi, ambako hulipwa ada na kupewa mwongozaji, na kutoka hapo nilikodi bodaboda kwa 20,000 kwenda na kurudi hadi chini ya kilima cha Mungomi wa Kolo. Viatu vya kufunga vinahitajika, maji lita moja na nusu, na afadhali kuanza kupanda kabla ya saa nne.

Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Iko kwenye mapango na miamba iliyojiinamia zaidi ya 150, katika eneo la kilomita za mraba 2,336. Nilivutwa na watu warefu wembamba wa rangi nyekundu, na wanyama ambao mwongozaji aliwafuata kwa kijiti bila kuugusa mwamba. Hata hivyo kwa safari yangu jambo kubwa lilikuwa kwamba mahali hapa hapajawa makumbusho tu. Wenyeji bado huja kufanya matambiko ya uganga na ya kuomba mvua. Nilimwuliza mwongozaji kama huja pia mvua inapoondoka. Akafikiri, akasema, “Hapana dada. Ikiondoka tunakuwa shambani.”

Ukisimama mbele ya pango unaliona bonde zima, na ndipo nilipouelewa msimu vizuri zaidi kuliko mahali pengine popote. Mahindi yalikuwa makavu, rangi ya karatasi kuukuu, lakini ndani ya mashamba hayohayo mbaazi zilizopandwa pamoja nayo zilikuwa za kijani kibichi na maua ya manjano, kwa sababu mizizi yake huenda chini kutafuta unyevu ambao mahindi hayaufikii. Zitavunwa miezi kadhaa baadaye. Kwenye mto wa mchanga uliopita chini, maji yalikuwa yamebaki uzi mmoja, na kandokando yake mikababu ilikuwa inaanza kuchipua. Mkababu huenda kinyume na miti mingine yote ya huku, ukipukutika wakati wa mvua na kuvaa majani wakati wa kiangazi, jambo linalowafurahisha wafugaji, kwani huwapa kivuli na maganda ya kulisha mbuzi wakati hakuna kingine. Mtu akitazama mikababu peke yake atadhani mwaka unaanza.

Makorongo mekundu yanayoonekana upande wa pili yana historia yake. Mmomonyoko wa Kondoa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Leo vichaka vimefunika sehemu kubwa ya miteremko hiyo, na mwongozaji, ambaye babu yake alihamisha ng'ombe mwaka huo, aliisimulia habari hiyo bila kusifu wala kulaumu.

Chini, katika kijiji, kila ua ulikuwa na turubai lililoanikwa mahindi. Miaka iliyopita wengi waliyaanika juu ya udongo mtupu. Mwaka 2016 sumukuvu katika nafaka iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na tangu hapo elimu ya kukausha na kuhifadhi imeenea vijijini; mama aliyenipikia chakula cha mchana aliniambia kwamba binti zake hawaruhusiwi hata kumwaga punje chini. Aliniandalia ugali, mboga ya majani na bakuli la maziwa mgando. Chakula kilikuwa 3,000, ila pesa ya maziwa aliikataa. “Sasa hivi yapo mengi, mwanangu. Njoo mwezi wa kumi, ndipo utalipa.”

Jumatatu, 12 Mei: kurudi Dodoma

Asubuhi ukungu ulikaa juu ya Kondoa hadi saa mbili, na nilishinda karibu na chemchemi nikiandika. Basi la alasiri liliondoka saa tisa, na kabla ya kufika Haneti gurudumu la nyuma likapasuka. La akiba lilikuwa nalo halina upepo, hivyo kondakta akaondoka na pikipiki kutafuta fundi. Tulikaa hapo zaidi ya saa mbili.

Jua lilipozama baridi ilishuka ghafla, kwa kuwa anga lisilo na wingu haliwezi kuzuia joto la ardhi lisipotee. Abiria wenye watoto wachanga walianza kuhangaika. Kutoka nyumba iliyokuwa mbali kidogo na barabara alikuja mama na vijana wake, wamebeba sufuria ya maboga ya kuchemsha na nyingine ya karanga mbichi zilizochemshwa na chumvi, wakawaita wenye watoto wakae jikoni kwao karibu na moto. Tuliobaki tulikula tukiwa tumesimama kando ya lami, na mwezi mpevu ukapanda mashariki ukaonyesha mashamba yote hadi milimani. Tulimchangia shilingi kadhaa, akazipokea kwa kusita, akasema zitamnunulia mtoto daftari. Tuliingia mjini saa tano usiku.

Anayesafiri njia hii mwezi Mei abebe sweta ndani ya basi, si kwenye mzigo unaofungiwa chini.

Jumanne, 13 Mei: Bahi

Bahi ni kama saa moja kutoka Dodoma kwa barabara ya Singida, nauli 4,000. Nilikwenda huko kwa sababu ya Mto Bubu, ambao hutoka upande wa Kondoa, ukashuka hadi kwenye bonde la Bahi na kuishia hapo bila kufika baharini. Maji niliyoyaacha yakipungua kule juu hukusanyika huku, kwa hiyo masika ya Bahi huendelea ardhini hata baada ya kwisha angani. Barabarani kulikuwa na vumbi la kwanza la mwaka. Hatua mia tatu pembeni, kijana mmoja aliyekuwa akiswaga punda alinipitisha juu ya kingo za majaruba ya mpunga ambayo bado yalikuwa na maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu.

Mpunga ulikuwa unaanza kuvunwa kwenye sehemu za juu, ambako maji yametangulia kuondoka, na katika majaruba ya chini mashuke yalikuwa bado na ukijani. Wavunaji huufuata ukingo wa maji kadiri unavyorudi. Kwenye madimbwi yaliyobaki watu walikamata kambale kwa mikono na vikapu, na kandokando ya kituo cha mabasi walikuwa wakiuzwa waliokaushwa kwa moshi, 2,000 mmoja wa wastani. Nilikula mmoja kwa wali mpya wa Bahi, ambao ukipikwa hutoa harufu inayofika barabarani, na ningeshauri mtu yeyote apange kula chakula cha mchana hapa badala ya kungoja Manyoni.

Jumatano na Alhamisi, 14 na 15 Mei: Singida

Kutoka Bahi barabara hupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenye milima ya Saranda, na juu yake mambo hubadilika tena. Misitu ya miombo iliyo kuelekea Manyoni ilikuwa bado ya kijani kabisa, kwa sababu miti yake hupukutika kwa kuchelewa, Agosti na Septemba, kisha huchipua majani mekundu hata kabla mvua hazijarudi. Asali ya huko iliuzwa kando ya barabara kwa 10,000 chupa moja.

Singida ilikuwa na upepo usionyamaza. Nilifika jioni, nikalala chumba cha 25,000, na asubuhi nikaenda Ziwa Singidani, ambalo maji yake ni ya chumvi. Mvua zilikuwa zimelijaza hadi kwenye nyasi za ukingoni, na heroe wachache walikuwa wamesimama mbali. Mvuvi aliyekuwa akishona wavu aliniambia kwamba maji yakishuka ukingo huacha utepe mweupe wa chumvi, na mwaka huo bado haujaonekana.

Nje ya mji mashamba ya alizeti yalikuwa yamefikia kukomaa, vichwa vimepoteza manjano na kuwa kahawia, vyote vimeinamia mashariki, kwani ua lililokomaa haligeuki tena na jua. Wanawake watatu walikuwa wakipura vichwa vilivyotangulia kukauka na kupepeta mbegu kwa ungo. Hawakuwa na haja ya kutikisa sana. Walimimina tu kutoka juu, upepo ukachukua makapi na mbegu nyeusi zikaanguka kwenye turubai. Nikamwuliza mmoja angefanyaje Machi. “Machi hakuna upepo wa hivi, dada. Ungepepeta mpaka mkono ukatike.” Kwa hiyo mazao hukomaa wakati ambapo upepo wa kuyasafisha umefika, na hiyo ndiyo dalili niliyoiamini kuliko zote nilizoziandika, kwa kuwa imejengewa kazi nzima ya kijiji.

Kwenye mashine ndogo ya kukamua karibu na stendi nilitaka mafuta ya mwaka huu. Mwenye mashine alinipa mbegu mkononi nizibane kwa kucha, nikaona bado zina unyevu. Akasema atazianika hadi mwishoni mwa Juni, na hapo ndipo mashine itafanya kazi usiku na mchana, na mashudu yatakuwa ya bei rahisi kwa wenye ng'ombe. Nilichukua lita tano za mwaka jana kwa 32,000, kondakta wa basi la Dodoma akadai 2,000 za mzigo, na mwenye mashine akaandika namba yangu ya simu kwenye kitabu chake cha wateja ili anipigie mafuta mapya yakitoka.